Rimu Nyepesi, Barabara Ngumu

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wenye magari ya kasi waliokutana hapa Nairobi. Wengi waliokosa kufika wameiomba, basi naiweka nzima. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, mafundi wetu, dada zangu na kaka zangu, hamjambo?

Naomba nianze kwa swali. Ni nani hapa amewahi kubadilisha rimu za gari lake? Inueni mikono niione. Naam, karibu nusu ya ukumbi. Sasa ninyi mlioinua mikono, ni nani aliyeiweka rimu kwenye mizani kabla ya kutoa pesa? Mkono mmoja kule nyuma. Na huyu mama wa hapa mbele. Asanteni.

Sikuuliza ili nimwaibishe mtu. Nimeuliza kwa sababu kila muuzaji, kuanzia Kirinyaga Road hadi Ngong Road, atakuapia kwamba rimu zake ni nyepesi, na uzani ni kitu kinachopimika kwa dakika moja. Kwa nini basi tunalipa maelfu kwa maelfu ya shilingi kwa kuamini maneno?

Nina jambo moja tu leo. Kwa gari la kasi linalotembea barabara za Nairobi kila siku, la kwenda kazini Jumatatu na kufurahia kona Jumapili, rimu inayofaa ni ile iliyo nyepesi, iliyo ndogo kadiri breki zako zinavyoruhusu, na ambayo unajua ilikotoka. Nyepesi, ndogo, yenye asili inayojulikana. Ikikosa moja kati ya hayo matatu, iache dukani.

Tuanze na uzito wenyewe. Gari lina uzito unaokaa juu ya springi: bodi, injini, viti, wewe na abiria wako. Halafu lina uzito ulio chini ya springi: rimu, tairi, diski ya breki, kalipa inayoibana diski hiyo, habu ambayo rimu inafungwa juu yake. Huu wa chini haubebwi na springi. Kila tuta, kila kiraka cha lami, unarushwa juu moja kwa moja, na kazi ya kuurudisha chini ni ya springi na shokapu. Mtu akivua raba akavaa gambuti, mwili wake haujaongezeka kitu cha maana, lakini mwambie akimbie mpaka kule getini uone. Uzito ulio miguuni una hesabu yake.

Gurudumu zito likipiga kiraka kwa mwendo, linapanda, kisha linachelewa kushuka. Katika muda huo mdogo tairi limeigusa lami kwa shida, au halijaigusa kabisa. Na tairi lisilogusa lami halina breki. Tairi lisilogusa lami halina kona. Tairi lisilogusa lami halina usukani. Hapo ndipo rimu nyepesi inapokulipa.

Lakini mbona watu hawaambiwi hivyo? Wanaambiwa spidi. Wanaambiwa, "Weka hizi, gari litaruka." Hebu tupige hesabu pamoja. Ni kweli kwamba kilo iliyo ukingoni mwa gurudumu inaisumbua injini kuliko kilo iliyo kwenye buti, kwa sababu injini inaisukuma mbele na papo hapo inaizungusha. Ikiwa nje kabisa ya mzingo, inakaribia kuhesabika mara mbili. Ikiwa karibu na habu, hapana. Haya, gari lako lina kilo 1,300. Umepunguza kilo 2 kwa kila rimu, jumla 8. Tuwe wakarimu, tuzihesabu zote mara mbili: 16. Hiyo ni kama asilimia moja na kidogo ya gari zima. Je, utaisikia ukipanda kutoka Mai Mahiu? Hutaisikia. Ukiondoa takataka zilizojaa kwenye buti utapata karibu hayo hayo, bila kulipa hata shilingi.

Najua kwa nini ahadi ya spidi inatuvutia sana mji huu. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni haba, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Mombasa. Mwenye injini ya namna hiyo anatafuta nguvu kila pembe. Nawaelewa kabisa. Lakini nguvu hiyo haimo kwenye rimu, na anayekuuzia rimu kwa jina la spidi hakutakii mema.

Kuna mwenzetu mmoja, yuko humu ndani ingawa ameniomba nisimtaje, mwenye Mazda MX-5 ya zamani. Gari lenyewe lina uzito wa tani moja na kidogo tu, na kiwandani lilivalishwa rimu za inchi 15. Aliyelimiliki kabla yake aliliwekea za inchi 17, pana na za kung'aa. Mwenzetu akawa haishi kuulalamikia usukani. Kwenye kona za kwenda Tigoni, zile zenye viraka katikati ya kona, pua ya gari ilikuwa inahama kidogo kidogo kuelekea nje. Alibadilisha shokapu, ikawa vile vile. Akabadilisha bushi, ikawa vile vile. Ndipo fundi mmoja alipomwambia, "Fungua gurudumu, ulipime pamoja na tairi lake." Kilo 19 na nusu. Akatafuta rimu za inchi 15, akapima gurudumu zima: kilo 13 na nusu. Kilo 6 zimetoka kila pembe ya gari. Mwenyewe atawaambia kwamba gari halikuongeza spidi. Lakini kwenye kona zile zile, viraka vile vile, sasa pua inakaa pale anapoielekeza. Hiyo ndiyo faida, ndugu zangu, na ni faida kubwa.

Mmesikia kwamba alishuka kutoka 17 hadi 15? Wengi wetu tukisikia kununua rimu, tunawaza kupanda. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo tunapopotezea pesa nyingi zaidi.

Wangapi mmewahi kwenda Naivasha kutazama Safari Rally? Mashindano haya tunayajua tangu utotoni. Yalianza mwaka 1953, na yakarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Gari la Toyota au la Hyundai likisimama mbele yako, lenye gharama ambayo hatuwezi hata kuikadiria, limevaa rimu za inchi ngapi? Nimewauliza watu wengi, na jibu la kwanza ni 18. Ni 15. Gari hilo hilo likienda kushindana kwenye lami huko Ulaya, ndipo linavaa 18. Ndivyo kanuni za mashindano zinavyotaka. Kwenye mawe na vumbi ni ndogo, na hata ukubwa wa diski za breki unapunguzwa ili rimu ndogo iingie. Walioziandika wanajua nini?

Wanajua kwamba kinachoilinda rimu ni ukuta wa tairi, yaani mpira na hewa iliyo kati ya alumini na jiwe. Tazameni saizi tatu ambazo magari yetu mengi yanaweza kuvaa; namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni ukuta kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni inchi za rimu. Tairi la 225/40 R18 lina ukuta wa milimita 90. La 225/45 R17 lina milimita 101. La 205/55 R16 lina karibu 113. Na ukipima kimo cha gurudumu zima, yote matatu yanalingana, tofauti haifiki milimita 6, kwa hiyo spidomita haitakudanganya. Kushuka kutoka 18 hadi 16 kumekupa milimita 23 za kinga. Milimita 23! Wekeni vidole hivi, muone ni kiasi gani. Kwenye shimo, hizo ndizo zinazoamua kama utaendelea na safari au utapiga simu kuomba kuvutwa.

Dada mmoja wa Donholm ana Impreza. Ilikuwa na rimu za inchi 18, nyepesi kweli kweli, halisi, za bei. Mvua za Aprili zikanyesha usiku kucha. Asubuhi, njia anayoijua kama nyumbani kwake, maji yamesimama barabarani, shimo limejificha chini ya maji. Gurudumu la mbele kushoto likaingia. Ukingo wa ndani wa rimu ulipinda ukawa bapa kwa urefu wa kiganja, na tairi likatoa uvimbe ubavuni, maana nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika zilipobanwa kati ya rimu na ncha ya lami. Upepo haukutoka mara moja. Alifika kazini, na jioni ndipo mlinzi wa maegesho alipomwonyesha uvimbe. Nawasihi: tairi lenye uvimbe halirudi barabarani, hata kwa kilomita moja. Sasa anatembelea inchi 16, na rimu zenyewe ni nyepesi kuliko zile za 18, kwa sababu rimu ndogo ina alumini kidogo. Umeona? Ukishuka inchi, unapata wepesi na kinga kwa pamoja.

Kuna mpaka, na mpaka ni breki. Wenye Subaru STI na Mitsubishi Lancer Evolution zenye kalipa kubwa za Brembo, kwenu 16 haiingii. 17 ndiyo ndogo yenu. Usikubali kuambiwa "itaingia tu." Fundi aivalishe rimu tupu kwanza, bila tairi, aizungushe kwa mkono, na atazame nafasi kati ya kalipa na spoki, na kati ya kalipa na ukingo wa ndani. Na hata ukiwa na tairi la ukuta mrefu, presha ikiwa chini umejinyima kinga hiyo. Pima presha tairi likiwa baridi, ufuate kibandiko kilicho mlangoni kwa dereva.

Sasa, rimu nyepesi inatengenezwaje? Hili ni lazima ulijue, maana ndilo linalotenganisha rimu nyepesi na rimu dhaifu.

Nyingi zinatengenezwa kwa kumimina. Alumini inayeyushwa, inamiminwa kwenye kalibu, inapoa. Ni njia ya gharama nafuu, lakini chuma kilichomiminwa huwa na vitundu vidogo vya hewa ndani, kwa hiyo mtengenezaji anaiongeza unene ili iwe imara, na unene ni uzito. Rimu ya inchi 17 ya namna hii huwa na kilo 9 hadi 11. Njia ya pili inaanza kwa kumimina, kisha rimu ikiwa moto inazungushwa huku rola zikikandamiza na kuuvuta mzingo wake. Chuma kinashikamana, mzingo unakuwa mwembamba na bado una nguvu. Enkei wa Japani, kampuni iliyoanza mwaka 1950, wanaiita njia yao MAT, na RPF1 inayopendwa sana na vijana wetu imetengenezwa hivyo. Ya tatu ni kufua. Pande la alumini linakandamizwa kwa mashine yenye nguvu ya maelfu ya tani, kisha linakerezwa na kuchongwa. Hapo unapata rimu nyepesi na ngumu kuliko zote za alumini, na bei yake ni hiyo hiyo ya kutisha. RAYS na BBS wamejijengea jina kwa kufua.

Magnesi ni nyepesi zaidi, lakini inaliwa na kutu upesi, na ni ya magari ya mashindano yanayotunzwa na mafundi kila wiki. Kaboni niiache. Kwa barabara zetu na mifuko yetu, mimi nasema wazi: wengi wetu tunafaa ile njia ya pili. Mwenye uwezo anunue za kufua na azitunze. Lakini asiye na uwezo asinunue picha ya rimu ya kufua.

Nasema picha kwa maana yake kamili. Mwaka 1996 RAYS walitoa rimu ya Volk Racing TE37. Ile 37 ilitokana na uzani: rimu ya inchi 15 yenye upana wa inchi 6 ilikuwa na kilo 3.7. Kilo tatu na nusu na kidogo! Waliichora na spoki sita zilizonyooka, na umbo lile likapendwa dunia nzima. Leo umbo hilo limeigwa kila mahali. Ukienda mjini ukauliza TE, utaonyeshwa za rangi ya shaba, za nyeupe, za nyeusi, zimepangwa mpaka darini. Ngapi kati ya hizo zimefuliwa?

Kijana mmoja wa Kasarani alikwenda kununua seti ya inchi 17. Muuzaji akamwambia kila moja ina kilo 7. Kijana hakubishana. Alitoa mfukoni mizani ndogo ya dijitali, ile ya ndoano ya kupimia begi la safari, akaifunga kamba kwenye tundu la katikati, akainua. Kilo 11 na gramu 200. Akainua ya pili. Kilo 11 na gramu 350. Muuzaji akasema mizani imeharibika. Kijana akaomba mfuko wa unga wa kilo 2 kutoka duka la jirani, akaupima mbele yake: kilo 2. Hakuna aliyegombana na mtu. Kijana aliaga akaenda zake na pesa zake mfukoni.

Hivyo ndivyo inavyofanywa. Pima kabla hujalipa. Mizani ile ni bei ya chakula cha mchana. Pima zote nne, si moja. Kisha linganisha na uzani ambao mtengenezaji mwenyewe ameutangaza kwa saizi ile ile, upana ule ule. Pima kabla hujalipa.

Ukimaliza kupima, igeuze. Tazama nyuma ya spoki na ndani ya mzingo. Rimu ya Kijapani inayofaa itakuwa na alama ya JWL, ambayo ni tamko la mtengenezaji kwamba rimu inatimiza kanuni za Japani, na mara nyingi alama ya VIA, inayoonyesha kwamba imepimwa na kusajiliwa na chombo kingine nje ya kiwanda. Majaribio yenyewe si ya mchezo: rimu inazungushwa huku ikipindwa, inabingirishwa chini ya mzigo, na inaangushiwa uzito ikiwa imelazwa kwa mshazari. Tafuta pia saizi, ofseti, yaani kipimo cha jinsi rimu inavyokaa ndani au nje ikishafungwa kwenye habu, na mzigo inaoweza kubeba, mfano kilo 690. Mzigo huo uulinganishe na gari: chukua uzito wa juu wa ekseli yako, gawanya kwa mbili. Ekseli ya kilo 950 inadai kilo 475 kwa kila gurudumu. Rimu iliyoandikwa chini ya hapo, usiiguse.

Na alama hizo ziwe zimetoka kwenye kalibu au zimechongwa. Stika si alama. Hata hivyo msizitegemee peke yake, maana mwigaji anaiga umbo, anaiga rangi, anaiga mpaka herufi. Anachoshindwa kuiga kwa urahisi ni wepesi pamoja na nguvu. Kwa hiyo rimu ya kuigwa ikiwa nzito, umepoteza pesa na starehe. Rimu ya kuigwa ikiwa nyepesi, ogopa zaidi. Wepesi huo umetoka wapi, kama haikufuliwa wala kuvutwa? Umetoka kwenye kupunguza unene. Na itakatika siku ambayo hukuipanga, ukiwa na mtoto kiti cha nyuma.

Rimu nzuri kabisa inaweza kuharibiwa na ufungaji. Mwenzetu mwingine mwenye Subaru alikuja kwangu na tatizo hili: akifika kilomita 100 kwa saa kwenye Southern Bypass, usukani unatetemeka. Alikuwa amebalansi magurudumu kwenye maduka matatu tofauti. Mashine zote zilisema sawa. Tukampeleka kwa fundi mmoja mzee pale Kariobangi. Mzee hakuigusa mashine. Alifungua kifuniko cha katikati cha gurudumu, akaingiza penseli kati ya habu na tundu la katikati la rimu, akaizungusha, akamwita mwenye gari akamwambia, "Weka na wewe uone." Penseli iliingia bila kugusa huku wala huku. Habu ya Subaru ina milimita 56.1. Rimu ile, kama rimu nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya magari ya kila aina, ilikuwa na tundu la 73.1. Nafasi ya milimita 8 na nusu kila upande! Gurudumu lilikuwa linashikwa na nati tu, na kila likifungwa linakaa kando kidogo ya katikati. Mashine ya kubalansi haioni hilo, kwa sababu yenyewe inaikamata rimu katikati kwa koni yake. Pete nne za alumini za kuziba ile nafasi, na mtetemo ukaisha siku hiyo hiyo.

Matundu ya nati nayo yana vipimo visivyobembelezeka: idadi ya matundu, kwa kipenyo cha duara lake kwa milimita. Impreza nyingi za zamani, BRZ na Toyota 86 ni 5 kwa 100. STI kuanzia ya 2005 ni 5 kwa 114.3. MX-5 ya zamani ni 4 kwa 100. Golf ya sasa ni 5 kwa 112. Wapo mafundi wanaotoboa matundu mapya pembeni mwa yale ya zamani. Nawaomba, nawasihi, kataeni. Hapo ndipo nguvu zote za gari zinapopitia.

Nati pia zitazame. Nati za kiwandani za Honda zina kichwa cha mviringo, lakini rimu nyingi za kununua zinataka nati za koni ya digrii 60. Ukichanganya, nati inagusa kwa mstari mwembamba tu, nayo italegea. Na zifungwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, si kwa bunduki ya upepo mpaka ilie. Ukishatembea kilomita 80 au 100, simama, uzikaze tena kwa spana ile ile.

Ofseti nitaisema kwa kifupi: kadiri namba inavyoshuka, ndivyo gurudumu linavyotoka nje. Nyingine zinavutia macho zikijaza bodi. Lakini ukitoka milimita 20 nje ya ile ya kiwandani, umeuongezea mzigo beringi, usukani unaanza kuvutwa na kila mtaro, na siku utakapopakia watu wanne ukapita tuta, tairi litakwaruza bodi. Baki karibu na ya kiwandani.

Mafundi wangu, hili la mwisho linawahusu ninyi kuliko wengine, na nalisema kwa heshima. Rimu iliyopasuka isichomelewe. Alumini ya rimu hupewa ugumu wake kwa joto linalopimwa kiwandani: inapashwa mpaka karibu digrii 540, inapozwa ghafla, kisha inapashwa tena kwa joto la chini kwa saa kadhaa. Ukileta moto wa kuchomelea, sehemu ile na jirani zake zinarudi kuwa laini. Ukingo wa ndani uliopinda kidogo unaweza kunyooshwa taratibu kwa mashine ya haidroli. Lakini ufa? Ufa kwenye spoki? Ufa karibu na matundu ya nati? Hiyo ni chuma chakavu, ikatwe kabisa ili asije mtu akaiokota.

Nasema ikatwe kwa sababu zinarudi sokoni. Niliwahi kuonyeshwa seti nzuri iliyopigwa rangi mpya, nje na ndani. Rangi ya ndani ndiyo iliyonitia shaka: nani anapaka rangi mahali pasipoonekana? Tuliipangusa kwa petroli, tukapitisha ukucha ndani ya mzingo, na ukucha ukapanda juu ya kitu. Mshono wa kuchomelea, umesagwa ukalainishwa, urefu wa kidole. Rimu zote zinazotoka Japani zikiwa zimetumika, zifanyieni hivyo. Osha kwa sabuni, kausha, washa tochi uilaze pembeni ili mwanga ukwaruze juu ya chuma, pitisha ukucha. Kisha iwekwe kwenye mashine ya kubalansi bila tairi, izunguke, na mtazame ukingo wa nje na wa ndani kama unacheza.

Mkiniuliza nigawe pesa vipi, nitawaambia matairi kwanza. Tairi jipya lenye mshiko juu ya rimu ya kiwandani litasimamisha gari mapema kuliko tairi lililozeeka juu ya rimu ya kufua. Someni tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wenye Subaru za magurudumu manne, matairi yote yalingane mzingo, na la spea pia, mkilinde kile kifaa cha katikati kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Halafu waandikieni watu wa bima kwamba mmebadilisha rimu, mpate jibu kwa maandishi kabla ya ajali.

Nimeambiwa tuna nusu saa ya maswali. Wenye namba za rimu walizokwisha kuziona madukani wazilete hapa mbele, tuzipigie hesabu pamoja, gari kwa gari. Tuanze na huyu dada mwenye Evo.